Bega la Kushoto

Wiki nzima nimesoma barua zenu. Wengine mmenilaani, wengine mmeniombea dua, na mmoja ameniuliza kama nashona pia mapazia. Ndiyo, nashona. Lakini wengi mmeuliza jambo moja: kwa nini sikukichoma moto kile kitambaa?

Nitajibu. Kwanza nimkumbushe aliyekosa gazeti, maana najua wapo wanaolifungia sabuni kabla hawajalisoma.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye duka la Mzee Mkasi, mkabala na kituo cha pamba. Mzee Mkasi ndiye fundi pekee wa suti katika mji wetu, ingawa macho yake yameingia ukungu, huu mwaka wa pili, na hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Anakaa mbele, anapokea wageni, anasifu kitambaa. Mimi niko nyuma ya pazia, nakata na kushona. Anayelijua hilo ni yeye, mimi, na sasa nyinyi.

Mji wetu una barabara moja ya lami na siri mbili. Hiyo ni ya kwanza.

Ya pili ni kwamba nampenda Mpima.

Mpima ni mpima ardhi wa halmashauri. Miaka mitatu iliyopita, ikiwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuoni, alitumwa kupima mpaka kati ya shamba la baba yangu na shamba la mama yake mwenyewe. Baba alipinga. Akaambiwa mpima mwingine yuko mbali na gari halina mafuta.

Akapima. Jiwe la mpaka likasimikwa hatua kumi na nne ndani ya shamba letu. Ndani ya hatua hizo kumi na nne lilikuwamo kaburi la mama yangu. Mama, ambaye maisha yake yote hakupenda kuhama hata chumba, akahamia kwa jirani akiwa amelala.

Baba alikwenda baraza la ardhi mara tano, akashindwa mara tano. Siku ya tano alirudi, akanawa mikono, akasema, "Atakayempa mtu wa nyumba ile hata salamu, huyo si mtoto wangu."

Sina kaka, sina dada. Nilijua anasema na nani.

Mwaka mmoja baadaye nilimpa Mpima zaidi ya salamu. Alikuja kupima kiwanja cha duka, akakosa mtu wa kumshikia ncha ya pili ya kamba. Nikaishika. Yaliyofuata yalichukua magazeti sita. Tulikuwa tunakutana kwenye chumba cha ramani cha halmashauri, Jumamosi mchana, ofisi zikishafungwa.

Mama yake mnamjua: Mama Mizani. Alisimama miaka ishirini na miwili kwenye mizani ya kituo cha pamba. Alikuwa analitazama gunia kabla halijaning'inizwa, anataja kilo zake, na mshale haukuwahi kumbishia. Sasa amestaafu. Anapima watu.

Ndiye aliyeingia dukani na kitambaa cha rangi ya majivu, akatangaza kwamba mwanawe anamwoa binti wa Mkaguzi wa Shule. Akampa Mzee Mkasi masharti mawili. Suti ijaribiwe Jumatatu, baada ya wiki mbili. Na mkono wa yule binti aliye nyuma ya pazia usiiguse.

Yule binti ni mimi. Nilikuwa nasikia. Pazia ni kitambaa, si ukuta.

Mpima alikuwa porini kikazi. Kwa hiyo mama yake akaacha koti kuukuu liwe kielelezo cha vipimo, akaenda zake.

Jumamosi ya wiki ile ile Mpima akachomoka porini, akaja chumba cha ramani na matope yake. "Nimeikubali ndoa ile kwa mdomo tu," akaniambia, "ili mama asinichunge. Siku tatu baada ya kuijaribu suti, Alhamisi, twende wilayani kwa msajili wa ndoa. Ijumaa wataamka tumeshakuwa mke na mume."

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa turudi kwenye kitambaa.

Sikukichoma, kwanza, kwa sababu kilikuwa kitambaa kizuri. Pili, suti ile ingevaliwa Alhamisi, ubavuni mwangu. Nilikuwa namshonea mume wangu suti ya ndoa yangu, kwa kitambaa cha mama mkwe wangu, kwa agizo la mama mkwe wangu. Ni wanawake wangapi wamepata heshima hiyo?

Tatizo lilikuwa lile koti kuukuu.

Nililitandaza juu ya meza, nikalitazama. Mikono mifupi kwa inchi mbili nzima. Tumboni limetanuka. Mabega yamenyooka kama rafu.

Mpima ni mwembamba, mikono yake mirefu. Na bega lake la kushoto limeshuka. Kila siku ya kazi analibebesha darubini yake ya kupimia ardhi na miguu mitatu ya kuisimamishia, na bega limekubali yaishe. Limeshuka robo tatu ya inchi. Huwezi kuliona akiwa amevaa shati. Huwezi kuliona akitembea. Lazima uwe umeegemeza kichwa pale, tena si mara moja.

Nikacheka. "Mzee," nikamwita, "njoo ushike kitu. Mama mzima hajui urefu wa mikono ya mtoto aliyemzaa!"

Mzee Mkasi akalipapasa koti. Siku hizi anaona kwa vidole.

"Hili la mtu mnene," akasema. "Mpima si mnene. Namsikia akipita, hatua zake nyepesi."

"Ndiyo maana nitarekebisha."

"Umempima?"

"Hapana."

"Basi utarekebisha kwa kipimo cha nani?"

Nikaanza kuitafuta chaki. Ilikuwa mkononi mwangu.

Mzee Mkasi alilirudisha koti mezani. Halafu akasema, polepole, "Binti yangu, fundi akiletewa kielelezo kibaya, anashona kibaya. Mteja akilalamika, anaonyeshwa kielelezo chake. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

"Na jina la duka?"

"Duka lina miaka arobaini. Litaivumilia suti moja."

"Mimi sitaivumilia."

"Shona kama ulivyoletewa, mama. Nakuomba."

Ananiita mama akiwa na hofu. Nilimsikia vizuri. Nikamwambia, "Sawa, mzee."

Hapa ndipo ninapokiri, na atakayetaka kunicheka acheke. Si mapenzi yaliyoniponza. Mapenzi niliyaficha miaka miwili bila hata kukohoa. Kilichoniponza ni kiburi cha kazi. Ningefuata kielelezo, Mpima angesimama mbele ya msajili kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Lakini angesimama.

Mkono wangu ulikataa. Haujawahi kutoa nguo mbaya kwenye mlango ule.

Nikakata kwa kichwa. Mikono nikairefusha inchi mbili. Tumbo nikalipunguza. Bega la kushoto nikalitilia pamba tabaka tatu zaidi, ili koti likae sawa na walimwengu wasijue. Nikashona siku nane. Pindo za suruali tu ndizo nilizoziacha wazi, kama afanyavyo fundi yeyote, maana pindo hukunjwa mteja akiwa amesimama ndani ya viatu vyake.

Jumatatu, saa nne asubuhi, wakaja.

"Hodi hapa."

"Karibu mama, karibu! Na bwana harusi naye karibu!" Mzee Mkasi aliinuka, akaelekea iliko sauti.

"Yule binti yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anatia vifungo."

"Vifungo vya nini?"

"Vya sare za shule."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa na shati la shule mapajani na sindano mkononi. Asubuhi ile nilitia kifungo kimoja, nikakitia kwenye sketi yangu mwenyewe.

Nilitazama kwenye upenyo wa pazia. Mpima aliivaa suti. Mzee Mkasi akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, kama mtu anayeona.

"Naam," akasema. "Naam, naam."

Mama Mizani alimzunguka mwanawe mara moja, akamzunguka tena. Hakuwa na furaha ya mama wa bwana harusi. Alikuwa na sura yake ya kituo cha pamba, ya mtu anayesubiri mshale utulie.

"Inua mikono."

Mpima akainua.

"Ishushe. Kaa. Simama. Inabana popote?"

"Haibani, mama."

"Popote?"

"Imenikaa kama ngozi."

Nyuma ya pazia nilitabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Mama Mizani akaweka kiganja juu ya bega la kulia, akabonyeza. Akaweka juu ya bega la kushoto, akabonyeza. Akarudi la kulia.

"Mzee Mkasi."

"Naam, mama."

"Bega la kushoto lina pamba zaidi."

Mzee Mkasi alilipapasa bega lile kwa vidole.

"Huo ni mtindo," akasema Mzee Mkasi.

"Mtindo wa bega moja?"

"Unaingia polepole."

"Mwanangu ulimpima lini?"

"Sikumpima, mama. Si uliniachia koti lake?"

"Nililiacha, eh. Liko wapi? Nipe." Akapewa. Akamgeukia mwanawe. "Vua hiyo. Vaa hili."

Mpima alilivaa lile koti kuukuu. Mikono yake ikatokeza nje inchi mbili nzima, vifundo wazi, na pale tumboni angeweza kuingia mtu wa pili.

"Mama, hili si ni koti la baba?" akauliza.

"Ni la baba yako, Mungu amlaze pema. Nimelitoa sandukuni kwa mikono yangu. Nililileta makusudi."

Sindano ikanidondoka.

"Nilisikia maneno mjini," akaendelea Mama Mizani, na sauti hakuipandisha hata kidogo. "Maneno kama yale huwezi kuyauliza, maana ukiuliza ndio umeyatangaza. Nikasema, nitaleta koti la mtu mfupi mwenye tumbo. Nikirudishiwa suti ya mtu mfupi mwenye tumbo, basi mji huu una midomo mirefu tu, nitaomba radhi. Mzee Mkasi, mimi lile bega nimelijua mwezi uliopita, alipopata homa nikampaka dawa mgongoni. Mimi mama yake! Sasa niambie, wewe uliliona lini, na kwa macho yapi?"

"Macho yangu, mama—"

"Macho yako yamekufa, mzee wangu, pole sana. Mji mzima unajua. Tunanyamaza kwa sababu nguo zinatoka nzuri."

Kumbe mji wetu ulikuwa na siri moja tu. Nayo ilikuwa imebakiza pumzi chache.

"Wewe wa nyuma ya pazia," akaita. "Toka."

Nikatoka na shati la shule mkononi. Nilimtazama Mpima. Mpima alikuwa anautazama mkono wa koti la marehemu baba yake kwa makini sana, kana kwamba una maandishi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Miaka mitatu sikuwahi kumwamkia mtu wa nyumba ile mbele za watu. Ikanitoka hivyo hivyo. Hakuitikia.

"Arudishe suti mwilini," akasema. "Pindo za suruali ziko wazi. Kazi imalizwe na aliyeianza."

Fundi anapopiga magoti kukunja pindo, pini huziweka mdomoni. Ndivyo tulivyofundishwa, na Mama Mizani alilijua hilo, maana nguo zake zote zimepita duka lile. Alisubiri nipige magoti. Alisubiri niweke pini saba kati ya midomo. Ndipo akavuta kiti, akakaa, akaanza kusema nami.

"Sitapiga kelele. Sitakutukana. Najua mnakwenda wilayani Alhamisi."

Nikainua macho.

"Karani wa msajili mimi ndiye niliyemfundisha kusoma mizani. Usishangae, funga pindo. Mnataka kwenda, nendeni. Mwanaume wa miaka thelathini siwezi kumfunga kamba. Lakini kuna jambo ulijue kabla hujaondoka. Lile jiwe la mpaka limekosewa."

Mkono wangu ukasimama.

"Mama," akasema Mpima.

"Nyamaza, nazungumza na fundi. Limekosewa hatua kumi na nne. Kaburi la mama yako liko kwenu. Liko kwenu siku zote."

"Mm?" nikasema. Ukiwa na pini saba mdomoni huwezi kusema zaidi.

"Aliyeniambia ni huyu hapa, wiki ile ile. Alirudi nyumbani, hali, hanywi. Akasema, mama, niliisoma darubini vibaya. Kazi yake ya kwanza! Wangemnyang'anya cheti. Mimi nikamwambia akae kimya. Hilo ni kosa langu, nitalijibu mwenyewe nitakapoulizwa na mwenye kuuliza. Ila yeye ana lake. Miaka miwili amekaa na wewe. Alikwambia?"

Mtu ukimtazama ukiwa umepiga magoti miguuni pake, anaonekana mrefu kuliko alivyo. Nilipandisha macho kwenye suruali, kwenye vifungo, nikafika begani. La kushoto. Hapo ndipo nilipokuwa nalilia kaburi la mama yangu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alikuwa ananipapasa mgongoni na kusema, "Vipimo ndivyo vilivyo, mpenzi wangu. Ningekuwa na uwezo ningefanyaje?"

"Mm-mm?" nikamwuliza.

Akanielewa. Tumefahamiana muda mrefu.

"Nilikuwa nikwambie Ijumaa," akasema.

Ijumaa. Siku moja baada ya msajili.

Nikachoma pini ya kwanza. Naapa nililenga kitambaa.

"Aa!"

"Simama wima," mama yake akamwambia. Kisha akanirudia mimi. "Sasa sikiliza, mwanangu. Zile hatua kumi na nne nitampa baba yako, kwa hati, kwa saini yangu, kama zawadi ya jirani kwa jirani. Hakuna atakayepima upya, hakuna atakayeuliza. Mama yako atarudi kwake. Huyu atabaki na cheti chake, atamwoa binti wa Mkaguzi. Na wewe habari ya kipimo utaimeza, kama alivyoimeza yeye."

Nikachoma pini ya pili.

"Au nendeni Alhamisi. Basi jiwe litabaki pale pale mpaka nife. Na mimi, kama unavyoniona, ni mzima."

Nyinyi mnaosoma mtaniambia: si uende baraza la ardhi, useme jiwe limekosewa? Niende na ushahidi gani? Wa kwamba nimeambiwa nikiwa nafunga pindo? Baba alikwenda mara tano. Mle dukani alikuwamo mtu mmoja tu aliyeweza kulirudisha jiwe bila mtu yeyote kuuzwa. Alikuwa amevaa suti yangu, na ilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona.

Nilimtazama kwa muda mrefu. Nilimpa nafasi.

"Pindo la kulia naona limepanda kidogo," akasema Mpima.

Nikachoma pini ya tatu.

Mzee Mkasi, ambaye muda wote alikuwa ameshika ukingo wa meza yake ya kukatia, akakohoa. "Mama Mizani, mpe mtoto siku mbili afikiri. Hata suti tunaipa siku mbili."

Nikatikisa kichwa kukubali. Siku mbili zilinitosha.

"Hana siku mbili," akasema Mama Mizani, akanyoosha kidole kuelekea dirishani. "Nilimtumia baba yake ujumbe aje saa nne na nusu. Huyo anavuka barabara."

Nikageuza shingo. Ni kweli. Baba yangu alikuwa anavuka barabara akiwa amevaa kofia yake nzuri, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, ingawa katika mji wetu gari likija hutanguliwa na vumbi lake.

Akaingia bila kubisha hodi. Akasimama mlangoni.

"Karibu kiti, ndugu yangu," akasema Mzee Mkasi.

"Sijaja kukaa." Hakumtazama Mama Mizani. Hakumtazama Mpima. Aliutazama ukuta ulio kati yao, na huo ndio aliouambia. "Nimeambiwa ni habari ya kaburi. Isingekuwa kaburi nisingekanyaga hapa."

Kisha akaniona.

Nilikuwa sakafuni, magotini, miguuni pa mtoto wa Mama Mizani, nimeshika pindo la suruali yake.

"Inuka," akasema.

"Yuko kazini," akasema Mzee Mkasi. "Ni pindo tu."

"Mtoto wangu hampigii magoti mtu wa nyumba hii. Inuka!"

Nikainuka.

Baba akavua kofia. Nilimwona mvi zimefika utosini, na sikumbuki zilifika lini. Kila asubuhi kabla hajala chochote huenda shambani, anasimama upande wetu wa jiwe, anamsalimia mke wake ng'ambo. Halafu anarudi. Kaburi hajalipalilia miaka mitatu, kwa sababu kupalilia lazima uombe ruhusa, na kuomba ruhusa lazima utoe salamu.

"Mama huyu ametuma ujumbe," akaniambia, "kwamba habari ya kaburi nikuulize wewe. Haya, nakuuliza. Wewe unajua nini kuhusu kaburi la mama yako?"

Wote wakanitazama. Hata Mzee Mkasi alinigeuzia uso, kwa kukisia.

Nilikuwa bado na pini nne mdomoni. Nikazitema kiganjani, moja moja, bila haraka. Ya kwanza. Ya pili. Mama Mizani alikunja mikono yake mapajani, mtulivu, kama aliyekwishajua kilo. Ya tatu. Mpima akalishika bega lake la kushoto kwa mkono wa kulia, kana kwamba litadondoka.

Ya nne nilikaa nayo kidogo. Nikiitema, sina tena kisingizio.

Nilifikiri: nikimeza kipimo, baba atapalilia kaburi kesho asubuhi. Atafurahi. Atakufa siku moja akiwa anafurahi, na atakuwa amemshukuru Mama Mizani kwa kumpa kilicho chake.

Nikaitema.

"Baba," nikasema, "ni mambo mawili. Moja nimekukosea mimi. La pili umekosewa wewe. Nianze na lipi?"

Mama Mizani akainuka kitini. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamke yule akikosea uzito.

Baba alinitazama mimi. Akaitazama suti. Akaitazama mikono yake mirefu, mabega yake yaliyokaa sawa. Baba si fundi, lakini amenilea mimi, na nguo yangu anaijua hata ikiwa imevaliwa na mtu asiyemtaka. Akakitazama kile kiti alichokuwa amekikataa. Akakivuta, akakaa, kofia juu ya goti.

"Anza na lako," akasema.

Nikafungua mdomo. Lakini aliyesema ni Mpima.